Gunia la Korosho na Mfuko wa Plastiki

Somo la wanakisomo waliokwisha kujua kusoma na kuandika. Lisomeni kwa sauti, kwa zamu. Kila sehemu ikiisha, simameni kidogo mzungumze kabla ya kuendelea.

UTANGULIZI

Ndugu mwanakisomo, tazama kitu unachokishika kila msimu: gunia la korosho.

Magunia mengi tunayojazia korosho wilayani Ruangwa na Nachingwea hayakufumwa hapa. Yametoka Bangladesh na India. Yamefumwa kwa nyuzi za mmea uitwao juti. Huja kwa meli, hufika kwenye chama cha msingi, na mkulima huyajaza korosho. Korosho zikishauzwa mnadani kupitia chama chetu kikuu cha RUNALI, magunia hayo hupanda lori mpaka bandarini. Kutoka huko husafiri na korosho zetu kwenda India au Vietnam.

Sasa tazama kitu cha pili: kipande cha mfuko wa plastiki kilichonasa kwenye tawi la mkorosho. Hicho nacho kimeletwa na biashara. Lakini hakikupanda lori kurudi. Kimebaki hapa Chunyu, na kitabaki kwa miaka mingi sana.

Gunia huja likaondoka. Plastiki huja ikabaki. Kwa nini? Na je, nchi zinazofanya biashara pamoja zinaweza kufanya nini ili plastiki isiwe mzigo wa mwanakijiji peke yake? Hilo ndilo somo letu la leo.

1. PLASTIKI HUTOKA WAPI?

Plastiki hutengenezwa kwa mafuta na gesi vinavyochimbwa ardhini. Viwanda vikubwa vya ng'ambo hufanya kwanza chembe ndogo, ukubwa wa punje za mtama. Chembe hizo huuzwa kwa viwanda vingine. Huko huyeyushwa zikatoka ndoo, dumu, ndala, chupa au mfuko.

Tanzania tunavyo viwanda vya kutengeneza ndoo na madumu. Lakini chembe zenyewe huagizwa kutoka nchi za nje. Kwa hiyo hata ndoo iliyoandikwa kuwa imetengenezwa Tanzania ilianza safari yake melini.

Plastiki hutufikia kwa njia tatu:

(a) Huja ikiwa chembe.
(b) Huja ikiwa chombo kilichokwisha kutengenezwa, kama vile ndala au beseni.
(c) Huja ikiwa imefunga kitu kingine.

Njia hii ya tatu ndiyo ngumu kuiona. Mkulima anaponunua salfa ya mikorosho, hajiambii kuwa ananunua plastiki. Anajua amenunua salfa. Lakini mfuko wa salfa umo. Anaponunua dawa ya maji ya kuua wadudu, chupa imo. Salfa itakwisha shambani. Dawa itakwisha. Mfuko na chupa havitakwisha.

Kila mwaka dunia hutengeneza zaidi ya tani milioni 400 za plastiki. Wataalamu wamehesabu kuwa katika kila kilo 100 za taka za plastiki, ni kilo 9 tu hivi zinazotengenezwa upya kuwa kitu kingine. Zinazobaki huzikwa, huchomwa au hutupwa ovyo.

2. MZIGO HUANGUKIA WAPI?

Katika miji mikubwa yapo malori ya kuzoa taka. Hata huko hayatoshi. Kijijini lori hilo halifiki. Kila kaya hujitafutia namna yake.

Wengine huchoma. Moshi wa plastiki una sumu, na anayeuvuta kwanza ni mama au mtoto aliye karibu na moto. Wengine hutupa nyuma ya nyumba. Mbuzi na ng'ombe hula mifuko yenye harufu ya chumvi au chakula. Tumbo la mnyama haliwezi kusaga plastiki. Mifuko hujikusanya humo mpaka mnyama anakonda, na mara nyingine hufa. Wengine hufukia shambani. Jembe huifukua mwaka unaofuata.

Mvua ikinyesha, kinachobaki husombwa na maji. Maji ya wilaya zetu huelekea Mto Mbwemkuru na Mto Lukuledi. Mito hiyo huingia Bahari ya Hindi. Kwa hiyo taka iliyotupwa huku bara yaweza kufika kwenye nyavu za mvuvi wa Lindi. Na taka iliyotupwa nchi nyingine yaweza kuletwa na maji ya bahari mpaka pwani yetu. Bahari haijui mpaka wa nchi.

3. NCHI MOJA IKIFUNGA MLANGO

Nchi za Afrika Mashariki hazikukaa kimya. Zanzibar ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2006. Rwanda ilifuata kwa sheria ya mwaka 2008. Kenya ilianza kukataza tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu kali.

Lakini tazama yaliyotokea. Zanzibar ilipokataza, Tanzania Bara iliendelea kutengeneza na kuuza mifuko hiyo kwa miaka mingi. Kenya ilipokataza, wafanyabiashara wa magendo walivusha mifuko kutoka Uganda na Tanzania. Mfuko uliokuwa bidhaa halali upande huu wa mpaka, hatua chache mbele ulikuwa magendo. Askari wa mpakani hawezi kupekua kila mzigo na kila mwili. Mwenye nyumba akifunga mlango wa mbele, na jirani akaacha uchochoro wa nyuma wazi, mwizi ataingia.

Tanzania Bara ilifunga mlango wake tarehe 1 Juni 2019. Tangazo hilo lilitolewa Bungeni mwezi Aprili 2019 na Kassim Majaliwa, ambaye wakati ule alikuwa Waziri Mkuu na pia Mbunge wa Ruangwa. Sheria ilikataza kuingiza nchini, kupeleka nje, kutengeneza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea. Mtu akikutwa akiitumia anaweza kutozwa faini kuanzia shilingi 30,000. Hata mgeni ashukaye katika uwanja wa ndege aliambiwa aiache pale pale.

Sheria ile ilisaidia sana. Mifuko ya rambo iliyokuwa ikipeperuka kila njia ilipungua. Na uchochoro mmoja wa kupitishia magendo kwenda Kenya ulizibwa.

Lakini sheria haikugusa plastiki yote. Vifungashio vya dawa za hospitali, vya bidhaa za viwandani na vya pembejeo za kilimo viliruhusiwa kuendelea. Kisha watu wakaanza kubebea vitu katika vile vifuko vyembamba vya kuonea ndani. Mwaka 2021 Serikali ilibidi iseme wazi kuwa kifungashio si kibebeo.

Bunge la Afrika Mashariki nalo limejadili muswada wa sheria moja ya mifuko kwa nchi zote za Jumuiya. Muswada huo haujawa sheria. Kila nchi bado ina sheria yake, na ukali wa sheria hizo haulingani.

Tumejifunza nini hapa? Sheria ya nchi moja ni ya lazima, lakini haitoshi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nchi zinazouziana bidhaa hazina budi kukubaliana juu ya bidhaa zipi zisivuke mpaka.

4. SHARTI LA SOKO: MFANO WA KOROSHO

Wengine husema kuwa biashara na usafi wa mazingira haviwezi kwenda pamoja. Korosho zinatuonyesha kuwa vinaweza.

Taratibu za biashara ya korosho zinakataa viroba vya plastiki. Kwa nini? Korosho ikikaa ndani ya kiroba haipati hewa. Unyevu hubaki ndani na ukungu huingia. Tena nyuzi za kiroba hukatika na kuchanganyika na korosho. Mnunuzi wa ng'ambo akikuta uzi wa plastiki ndani ya chakula, hukataa mzigo au hushusha bei. Kwa sababu hiyo mkulima wa Ruangwa hutumia gunia la nyuzi za mmea, na mkulima wa Nachingwea vile vile.

Hebu fikirini. Hapakuhitajika askari kusimama katika kila shamba. Mnunuzi na muuzaji walikuwa na sharti moja, na bei ikalilinda sharti hilo. Sharti la namna hii linaweza kuwekwa kwa bidhaa nyingi nyingine, kama nchi zinazonunua na zinazouza zitapatana.

Tazameni pia nchi inayofuma magunia hayo. Bangladesh ilipata mafuriko makubwa mwaka 1988 na tena mwaka 1998. Mifuko ya plastiki ilikuwa imeziba mifereji ya maji, na mafuriko yakazidi ubaya. Mwaka 2002 Bangladesh ikawa nchi ya kwanza duniani kukataza mifuko myembamba ya plastiki. Mwaka 2010 ikatunga sheria ya kuwataka wafanyabiashara wafunge bidhaa fulani kwa magunia ya juti. Kwa hiyo haikukataza tu. Ilitafuta pia soko la mazao ya wakulima wake.

5. MKONGE ULIVYOSHINDWA NA KAMBA YA PLASTIKI

Sisi pia tuna mmea wa nyuzi. Ni mkonge.

Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yalienea mashamba makubwa ya Tanga, Morogoro na hata huku Lindi. Wazee wanakumbuka habari za manamba: vijana wengi wa kusini walisafiri mbali kwenda kukata mkonge. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani 230,000 hivi za katani. Ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza duniani.

Soko kubwa la katani lilikuwa Ulaya na Amerika. Wakulima wa huko walinunua kamba ya katani kufungia nyasi za kulishia mifugo. Ndipo ikaja kamba ya plastiki. Ilikuwa rahisi kwa bei. Wanunuzi wakahama. Bei ya katani ikaanguka. Yalikuwapo na matatizo mengine katika uendeshaji wa mashamba, hilo ni kweli. Lakini pigo la kamba ya plastiki lilikuwa kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tukitoa tani 20,000 hivi tu.

Kamba ya katani ikitupwa shambani huoza ikawa mbolea. Kamba ya plastiki haiozi. Kwa hiyo biashara ile iliwaondolea kazi watu wa Tanga, ikawaachia taka wakulima wa Ulaya. Pande zote mbili zilipoteza kitu, ingawa siku ile kamba ilionekana rahisi.

6. KWA NINI PLASTIKI NI RAHISI KULIKO KITU CHA MMEA?

Someni mazungumzo haya. Mmoja awe mama, mwingine awe muuza duka.

Muuza duka: Shikamoo, mama.

Mama: Marahaba, mwanangu. Nipe sukari nusu kilo.

Muuza duka: Nikutilie katika kifuko cha nailoni?

Mama: Hapana. Nifungie kwa karatasi. Kikapu ninacho.

Muuza duka: Mama, karatasi siku hizi ni ghali. Vifuko vya nailoni ni bei ya chee.

Mama: Ajabu hiyo! Karatasi hutoka kwenye mti. Nailoni hutoka kwenye mafuta ya ng'ambo. Iweje cha mti kiwe ghali?

Muuza duka: Hapo mama umenishinda. Mimi nauza kwa bei niliyoikuta Ruangwa mjini.

Swali la mama huyu ni kubwa. Lina majibu mawili.

Jibu la kwanza: Bei ya plastiki haina gharama ya taka ndani yake. Kiwanda hulipia mafuta, mashine na mishahara. Hakilipii mbuzi aliyekufa, mfereji ulioziba, wala siku ya kazi ya wanakijiji waokotao mifuko. Gharama hizo zimeachiwa wengine.

Jibu la pili: Ushuru. Kila nchi hutoza ushuru wa forodha kwa bidhaa zinazoingia. Mwaka 2025 Shirika la Umoja wa Mataifa la Biashara na Maendeleo, UNCTAD, lilieleza kuwa ushuru wa wastani duniani kwa bidhaa za plastiki na mpira ulishuka katika muda wa miaka 30. Ulitoka asilimia 34 ukafika asilimia 7.2. Lakini ushuru wa wastani kwa bidhaa mbadala, kama zile za karatasi, mianzi na nyuzi za mimea, ni asilimia 14.4.

Tuseme hivyo kwa shilingi. Bidhaa ya plastiki yenye thamani ya shilingi 100 hulipa ushuru wa shilingi 7 hivi. Bidhaa ya nyuzi za mmea yenye thamani hiyo hiyo hulipa shilingi 14 hivi. Yaani kitu kinachooza hutozwa mara mbili ya kitu kisichooza!

Jambo hili halitokani na Mungu. Limewekwa na watu, na watu wanaweza kulibadili. Nchi zikikubaliana kushusha ushuru wa vikapu, magunia, kamba na karatasi, vitu hivyo vitapungua bei. Mkulima wa mkonge atapata soko. Muuza duka atapata kitu cha kufungia. Ndiyo maana nchi zaidi ya 70 zilizo katika Shirika la Biashara Duniani zimekuwa na mazungumzo maalumu juu ya plastiki tangu mwaka 2020.

7. TAKA ZINAZOSAFIRI

Tumezungumza juu ya bidhaa. Sasa tuzungumze juu ya taka zenyewe, maana nazo huuzwa.

Kwa miaka mingi nchi tajiri zilipakia taka zao za plastiki katika makontena na kuzipeleka nchi nyingine. Zilisema taka hizo zinakwenda kutengenezwa upya. Nyingi zilikwenda China. Mwanzoni mwa mwaka 2018 China ilifunga mlango. Ilisema taka nyingi zilikuwa chafu na zimechanganyika.

Je, nchi tajiri ziliacha kupeleka? Hapana. Zilitafuta mlango mwingine. Makontena yakaelekea Malaysia, Vietnam na Thailand. Baadhi ya taka zilichomwa au kutupwa karibu na makazi ya watu. Malaysia haikukubali. Mwezi Januari 2020 ilitangaza kuwa imekwisha kurudisha makontena 150 kwa nchi 13 zilikotoka, zikiwamo Ufaransa, Uingereza na Marekani.

Hapa tena nchi moja peke yake haikutosha. China ilipokataa, mzigo ulihamia kwa jirani. Ndipo nchi nyingi zikakaa pamoja. Upo mkataba uitwao Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, unaohusu kusafirisha taka za sumu kutoka nchi moja kwenda nyingine. Tanzania ni mwanachama. Mwezi Mei 2019 wanachama walikubaliana kuingiza taka za plastiki katika mkataba huo. Sharti lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2021.

Sharti lenyewe ni hili: Nchi inayotaka kupeleka taka za plastiki chafu au zilizochanganyika lazima kwanza iiarifu nchi inayopelekewa, na ipate ruhusa yake. Bila ruhusa, mzigo hauondoki. Ni kama desturi yetu ya kubisha hodi. Huingii katika nyumba ya mtu mpaka uitikiwe karibu. Na mwenye nyumba anayo haki ya kunyamaza.

Mkataba huu una tundu. Marekani, nchi yenye taka nyingi, si mwanachama. Hata hivyo nchi ndogo sasa ina karatasi ya kuonyesha ikisema: mzigo huu hatuutaki.

8. BIASHARA YAWEZA PIA KUVUNJA SHERIA NJEMA

Tusidhani kila mapatano ya biashara ni mema. Mengine yaweza kuturudisha nyuma.

Mwaka 2020 Kenya na Marekani zilianza mazungumzo ya mapatano ya biashara. Mwezi Aprili mwaka huo chama cha makampuni ya kemikali ya Marekani kiliiandikia Serikali ya nchi yao. Kilitaka mapatano yaizuie Kenya isiweke mipaka juu ya kutengeneza na kutumia plastiki. Kilisema pia kuwa Kenya ingeweza kuwa kituo cha kupitishia plastiki na kemikali za Marekani kwenda nchi nyingine za Afrika. Habari hiyo ilipotoka magazetini, watu wengi wa Kenya na wa nchi nyingine walipiga kelele. Mazungumzo yale hayakufikia mapatano.

Fikirini maana yake kwetu. Kama mapatano hayo yangefanyika kwa masharti yale, sheria ya Kenya ya mwaka 2017 ingekuwa hatarini. Na plastiki ikijaa Kenya haitasimama mpakani. Kwa hiyo kabla nchi haijatia sahihi, wananchi wana haki ya kuuliza: Mapatano haya yanaleta nini, na yanaacha nini baada ya kuliwa?

9. MKATABA WA DUNIA NZIMA

Tarehe 2 Machi 2022, nchi 175 zilikutana Nairobi katika Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Zilikubaliana kuandika mkataba mmoja wa kumaliza uchafuzi wa plastiki. Rwanda, jirani yetu, pamoja na Peru ndizo zilizoandika pendekezo lililoanzisha jambo hilo.

Kuandika mkataba kumekuwa kugumu. Vikao vimefanyika katika nchi mbalimbali. Kikao cha Geneva cha mwezi Agosti 2025 kiliisha bila mapatano. Sababu kubwa ni mgawanyiko huu:

Nchi nyingi husema: Tupunguze kutengeneza plastiki kutoka kiwandani. Maji yakijaa nyumbani, kwanza funga bomba, ndipo ukauke sakafu.

Nchi zinazochimba mafuta, pamoja na nyingine zenye viwanda vikubwa, husema: Tusiguse utengenezaji. Tushughulike na taka tu.

Ubishi huu unatuhusu. Ikiwa dunia itaamua kuzoa taka tu bila kupunguza utengenezaji, ni nani atakayezoa taka za Chunyu? Lori halipo. Kwa kijiji kisicho na lori la taka, plastiki isiyotengenezwa ndiyo pekee isiyoleta taabu.

10. SISI TUFANYE NINI?

Hatukai Geneva. Lakini sisi ni wauzaji wa korosho na ufuta unaokwenda ng'ambo, na ni wanunuzi wa salfa na dawa zinazotoka ng'ambo. Mtu anayeuza na kununua ana sauti, hasa akiwa katika ushirika.

Kwanza, tulinde gunia. Tusijaze korosho katika kiroba hata kama magunia yamechelewa. Magunia yakichelewa, tukiulize chama mapema.

Pili, tuulize juu ya chupa na mifuko ya pembejeo. Pembejeo za korosho huagizwa kwa wingi. Anayeagiza kwa wingi anaweza kuweka sharti. Katika mkutano wa chama cha msingi, mwanachama anaweza kusimama na kusema: "Ndugu Mwenyekiti, napendekeza chama chetu kiwaombe wanaotuletea dawa wachukue chupa tupu kila msimu ukiisha." Lori lililoleta dawa haliwezi kushindwa kubeba chupa tupu. Hoja hiyo ipelekwe chama kikuu, na kutoka huko ipande juu.

Tatu, chupa ya dawa isigeuzwe chombo cha nyumbani. Ikiisha, isuuze mara 3. Maji ya kusuuzia yamimine ndani ya bomba la kupulizia uyatumie shambani. Kisha itoboe, ili mtu asije akatilia mafuta ya kula. Mfuko wa salfa usiwekewe nafaka. Vyote viwekwe mahali pamoja, mbali na watoto, mbali na kisima. Visichomwe.

Nne, tutumie vya kwetu. Kikapu cha milala hufumwa na mikono ya hapa hapa. Ukikinunua, fedha hubaki kijijini, na kikichakaa huoza.

Tano, tuulizane juu ya sheria. Mtu anayegombea uongozi anapokuja kuomba kura, aulizwe: Ushuru wa plastiki na ushuru wa magunia ukoje? Nchi yetu ilisema nini katika vikao vya mkataba? Mtu aliyejifunza kusoma hajifunzi ili asome barua za nyumbani tu. Hujifunza ili naye aulize.

MANENO YA KUKUMBUKA

Forodha: ofisi ya Serikali inayokagua na kutoza ushuru bidhaa zinazoingia au kutoka nchini.
Ushuru: fedha inayolipwa kwa Serikali juu ya bidhaa.
Kifungashio: kitu kilichofunga bidhaa.
Bidhaa mbadala: kitu kinachotumika mahali pa kingine.
Mkataba: mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.
Magendo: biashara ya kuvusha mali mpakani kwa siri, kinyume cha sheria.

HESABU

1. Tuseme kijiji kina kaya 300. Kila kaya hutupa vifuko 2 kwa siku. Ni vifuko vingapi kwa siku? Ni vingapi kwa siku 30?

2. Tuseme mzigo wa magunia una thamani ya shilingi 1,000,000. Ushuru ni shilingi 14 kwa kila shilingi 100. Ushuru wote ni kiasi gani? Ukishushwa ukawa shilingi 7 kwa kila 100, ushuru utakuwa kiasi gani?

3. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani 230,000 za katani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilitoa tani 20,000. Zilipungua tani ngapi?

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja vitu 5 vya plastiki vilivyoingia nyumbani kwako mwaka huu. Ni vipi ulivinunua kwa kuvitaka, na ni vipi vilikuja vimefunga kitu kingine?

2. Kwa nini Kenya ilipokataza mifuko mwaka 2017 mifuko iliendelea kuingia?

3. Kubisha hodi na Mkataba wa Basel vinafanana kwa jambo gani?

4. Katika kijiji chenu, chupa za dawa za mikorosho huishia wapi? Ni nani anayestahili kuzichukua: mkulima, chama, muuzaji au kiwanda? Toeni sababu.

5. Andikeni pamoja barua fupi, mistari 6 isizidi, kwa chama chenu cha msingi, mkiomba jambo moja mlilokubaliana katika somo hili. Mmoja aiandike, wote waisome, kisha ipelekwe.